Eneo la Utalii la Chongoni

Chongoni,
4 Februari 2024

Dada yangu Saleha,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na shemeji Badru naye mzima, na ukungu wa huko Amani umewaachia japo upenyo wa kuonea jua. Sisi huku hatujambo. Mke wangu Tausi anakusalimu sana, goti limepoa ila akipanda ngazi za zahanati analikumbuka. Yule mbuzi wako mwekundu kazaa mapacha, wote madume, nimewapa majina ya bandari nilizofika: Durban na Karachi.

Najua utauliza kwa nini naandika na simu ninayo. Wewe mwenyewe ulisema, Sabiri kwenye simu unanichekesha mpaka salio linaisha sijajua lolote, ukiwa na habari ya maana andika. Basi habari ya maana hii hapa, na kifurushi cha ng'onda, samaki wakavu wa kupasuliwa, anacho kondakta wa basi la Muheza.

Mdogo wako sasa ni mjumbe wa Kamati ya Matumizi ya Ardhi ya Kijiji. Wamekuja watu wa mipango kutoka wilayani, afisa mmoja bibie anaitwa Loveness na mpimaji wake Bryson, mwenye kidude cha kuzungumza na setilaiti. Kijiji chote kinachorwa ramani na kila kipande kinapewa kazi yake: hapa watu wajenge, hapa walime, hapa mbuzi wale, hapa pasiguswe. Walipouliza nani anaijua mipaka na ameiona dunia, macho yote yakaja kwangu. Tausi anasema ni kwa sababu nilikuwa nimesimama juu ya kiti. Kiti nilikikuta pale pale.

Dada, maneno niliyojifunza hujapata kuyasikia. Iko ardhi ya akiba, ile wanayowekewa wajukuu. Uko ukanda wa kinga, ule wa pwani usiojengwa, mita sitini toka maji yanapokomea. Liko neno ushoroba, njia ya wanyama pori. Sisi mnyama hatuna ila nyani na mbuzi wa Mwenyekiti, lakini neno lilinipendeza nikapendekeza na Chongoni iwe nao mmoja. Afisa akacheka, akasema atalifikiria.

Na ramani ya kwanza haichorwi karatasini. Tuliichora chini, uwanja wa skuli, kijiji chote kimezunguka. Bahari ilikuwa kanga ya buluu ya Tausi, barabara ya kwenda Moa majivu, mashamba majani ya muhogo, makaburi mawe meupe, na kila nyumba kifuu cha nazi. Mimi niko katikati na fimbo naelekeza. Kila mahali pakapata jina lake. Hata pale palipokuwa pagumu, watu wote wameinama kimya, jina nililitoa mimi, na makofi yakapigwa. Ningekuwa na mama hai, siku ile angenisamehe darasa la sita.

Mwambie shemeji lile koti aliloniahidi bado nalingojea, sasa tena la kuvaa mikutanoni.

Ni mimi mwenye fimbo,
Sabiri


Amani,
25 Februari 2024

Marahaba mdogo wangu,

Barua nimeipata na ng'onda nimewapata, ingawa kondakta naye kajipatia. Huku tunashukuru. Mvua haitaki kukoma, nguo za wateja nazikaushia juu ya jiko. Shemeji yako anakusalimu. Praxeda pia anakusalimu, yule mwalimu wa chekechea, Jumapili yeye kanisani, Ijumaa mimi msikitini, siku zilizobaki tunakula pamoja. Anasema barua yako ameijua yote kwa kicheko changu alichokisikia kupitia ukutani.

Durban na Karachi, Sabiri. Meli uliyopanda wewe ilikuwa ya Pemba, na ulianza kutapika haijang'oa nanga. Lakini mbuzi waache na majina yao, hawana kosa.

Ya kamati nimefurahi. Mama alikuwa akisema kichwa unacho, ila hukumpa mwalimu nafasi ya kukiona. Sasa niambie. Kile kiwanja alichoniachia, kule nyuma ya mikoko, chenye minazi yake na ule msingi wa mawe niliouanza. Kimeandikwaje? Najua ushoroba hakiwezi kuwa. Na hapo palipokuwa pagumu ni wapi? Kijiji kizima kuinama kimya si jambo la kila siku, tena wewe ukiwa umeshika fimbo.

Nauliza tu. Nataka kujua kilipo.

Nimekuwekea iliki na pilipili manga. Iliki ni ya Tausi, usiitafune njiani.

Dada yako,
Saleha


Chongoni,
30 Machi 2024

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, na Ramadhani njema kwako na kwa shemeji. Nimechelewa kujibu, nisamehe. Saumu, na kamati, na kidole nilijichoma na mwiba wa chewa. Tausi kashukuru kwa iliki. Zilimfikia nyingi. Karachi ana mafua ya mbuzi. Durban kamzidi mwenzie kimo na anampiga, kama ninavyozijua bandari hizo.

Ramani sasa imehamia kwenye karatasi, na rangi zake. Makazi kahawia, mashamba kijani, mikoko kijani kizito. Pembeni kuna kisanduku cha kuzielezea rangi, kinaitwa ufunguo wa ramani. Nilimwambia Bryson huko Karachi nimeona ramani yenye funguo mbili, akaniangalia sana.

Kiwanja chako usikihofie. Kimepandishwa cheo. Kimewekwa daraja ambalo hata cha Mwenyekiti Suleimani hakikulifikia. Rangi yake ni zambarau, kama hariri ya bibi harusi, wakati sisi wengine tumepakwa kahawia kama muhogo uliooza. Wiki jana kaja bwana mmoja wa mjini, miwani ya jua, viatu vyeupe, kapita kule akaipiga picha minazi ya mama, akasema mandhari. Nikamwambia mandhari hayo yana mwenyewe.

Ama pale palipokuwa pagumu, ah, ulikuwa mzaha tu wa kuchangamsha mkutano. Wewe unajua watu wa Chongoni, wakiulizwa jambo wanatazama vidole vya miguu.

Futari leo ni muhogo wa nazi na pweza. Shemeji anafuturu nini huko kwenye baridi? Hukunisimulia habari zake, umenipa salamu kavu kavu.

Mdogo wako aliyefunga,
Sabiri


Amani,
21 Aprili 2024

Marahaba Sabiri,

Idi imepita salama. Praxeda aliniletea kuku, akampika yeye mwenyewe kwa kuwa mimi nilikuwa na kanzu za watu za kumalizia.

Siku ya Idi nilimpigia Tausi kumpa mkono wa Idi. Katikati ya maneno nikamuuliza, hiyo rangi ya zambarau ni kitu gani. Akanyamaza. Halafu akasema, wifi, hilo muulize mume wangu. Tangu umuoe sijamsikia Tausi akinyamaza.

Kwa hiyo nakuuliza. Nijibu kwa neno moja, usinipitishe Durban. Kwenye hiyo zambarau mtu anaruhusiwa kujenga nyumba yake akakaa, au haruhusiwi?

Ng'onda usitume tena kwa sasa.

Saleha


Chongoni,
2 Juni 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Haruhusiwi.

Barua hii ni ya tatu. Mbili za mwanzo Tausi kawashia jiko kwa ruhusa yangu, na maharage yakaungua. Sisi wazima. Karachi kapona.

Zambarau ni eneo la utalii. Ndani yake inaruhusiwa hoteli, vibanda vya wageni, na pa kuuzia vinyago. Nyumba ya mtu kukaa na watoto wake hairuhusiwi. Na kiwanja chako kimo ndani, chote, minazi na msingi. Jina hilo la utalii ni lile nililolitoa mimi siku ya fimbo, na makofi yakapigwa.

Nikueleze ilivyokuwa. Tulikuwa tumeshaweka bahari na barabara na vifuu vya nyumba, na pale nyuma ya mikoko, kuanzia kwenye minazi ya mama mpaka mchangani, pakabaki patupu. Loveness akauliza, hapa panatumika kwa nini. Wewe umezaliwa hapa, unajua panatumika kwa nini. Unajua huku ukichimba shimo, ukifika kiunoni unakutana na jiwe, ukivunja jiwe unakutana na maji ya chumvi, na maji makuu ya bamvua yakija kila ulichokificha kinaelea mlangoni. Kwa hiyo kila mtu na kopo lake la maji, anakwenda kule. Marehemu baba alikuwa akienda kule. Mwenyekiti anakwenda kule. Lakini nani amwambie bibie wa watu, kavaa viatu safi, kashika kalamu? Wanaume wakatazama chini. Wanawake wakavuta kanga mdomoni. Kimya kikawa kirefu, na fimbo ninayo mimi, na nilikuwa nimeshasema mimi ni mtu wa Durban.

Nikasema, "Hapo ni eneo la utalii."

Dada, walivyoshusha pumzi. Makofi yale hayakuwa ya kunisifu. Yalikuwa ya watu waliositiriwa. Nilifikiri ni neno tu, litabaki kwenye vumbi na majani ya muhogo, jioni kuku watalivuruga. Sikujua kwamba Bryson nyuma yangu kapiga picha, na kwamba neno likitoka kwenye vumbi likaingia karatasini linaota mipaka.

Halijapita bado. Mkutano mkuu wa kijiji ni tarehe 13 Julai. Mwenye pingamizi anasimama siku hiyo mbele ya wote anatoa sababu. Nimekwenda kwa Mwenyekiti faraghani, nikamwomba tulibadilishe kimya kimya. Akaniambia Loveness atauliza sababu, na sababu hiyo nani ataitamka? Nikarudi nyumbani.

Nimefikiri pia labda tusubiri. Wewe hapo Amani una nyumba yako na mume wako, kujenga huku ni mambo ya uzeeni. Au vipi? Barua yako ya mwisho haikuwa na salamu za shemeji. Nimeisoma mbele na nyuma, nikaipekua mpaka bahasha.

Sabiri


Amani,
20 Juni 2024

Sabiri,

Marahaba. Mimi mzima.

Salamu za shemeji hukuziona kwa sababu shemeji hayupo. Badru alinipa talaka Januari, akaingiza mwingine nyumbani kabla sijamaliza kufunga vyombo vyangu. Nilipokuandikia Februari kwamba anakusalimu, nilikuwa nimekwisha kuhamia kwa Praxeda na cherehani yangu. Eda yangu nimekaa chumbani kwake. Mtu wa kanisa ndiye aliyekuwa akiniamsha kula daku, mwezi mzima, naye hafungi.

Sikukuambia kwa kuwa niliona haya. Mwanamke mwenye mvi aandike kwamba ameachwa kama msichana aliyeunguza wali? Nikaona nitakuja tu, nitaukuta msingi wangu, nitainua kuta, watu wataniona nimekaa kwangu kabla hawajauliza nimetoka wapi. Ndiyo maana nikakuuliza kiwanja kilipo. Praxeda hajanifukuza wala hatanifukuza, lakini chumba ni cha mtu mmoja na kitanda tunapeana zamu.

Kwa hiyo juu ya neno lako sina mdomo mrefu wa kukusema. Nina jambo moja tu. Nilipouanza msingi ule nilisema choo kwanza, cha kuinuliwa juu ya ardhi kwa mawe, kama nilivyokiona Ushongo kwenye nyumba ya wageni. Ulinicheka mbele ya mafundi. Ulisema, bahari yote hii, dada, unataka choo cha nini. Mafundi wakacheka na wewe, na mimi nikacheka ili isiwe ugomvi. Hilo sijalisahau.

Siku ya mkutano simama. Lakini usinitaje. Ukisema dada yangu kaachwa hana pa kukaa, watu watanihurumia, kiwanja kitarudi, na mimi Chongoni sitakanyaga. Sababu unayo ya kwako. Sema hiyo.

Saleha


Chongoni,
14 Julai 2024

Dada yangu,

Shikamoo.

Barua yako niliipokea nikakaa nayo kwenye ukumbi mpaka Tausi akaniuliza nani amekufa. Sikumwonyesha. Nilimwambia umetusalimu. Kuhusu Badru sina la kuandika linalofaa kusomwa na mwanamke. Koti lake akaliweke. Kuhusu mafundi, nilikuwa nimesahau. Wewe uliyechekwa ndiye uliyekumbuka.

Mkutano ulikuwa jana, uwanja ule ule. Asubuhi nilivaa kanzu ya Idi, nikaivua, nikavaa shati la kazi, maana sikuona kanzu inafanana na nilichokwenda kusema. Ramani ilitundikwa ubaoni, kubwa, imepigwa rangi kama keki. Yule bwana wa miwani ya jua alikuwapo mstari wa mbele, kapewa kiti chenye mikono. Loveness akawa anasoma kanda moja moja, anauliza kama kuna pingamizi. Alipofika zambarau nikanyoosha mkono.

Mimi nimesema mbele ya watu maisha yangu yote, harusini, msibani, gatini. Jana ulimi ulikuwa kama wa kuazima. Na neno la kwanza lililonijia lilikuwa lako. Nilijua nikilisema watu wataguna kwa huruma, wanawake watafuta macho, na mimi nitabaki kaka mwema wa dada mwenye mashaka. Nilikuwa nalo mdomoni, dada. Nisingekuambia kama nisingeapa leo kutokuongopea. Nikalimeza.

Nikasema, "Afisa, lile jina nilitunga. Pale si utalii. Pale ndipo tunapojisaidia, kijiji kizima. Uliuliza, nikaona haya kukutajia, nikasema uongo."

Kicheko kilichotoka kilipaa mpaka kwa watani wetu wa Moa. Yule bwana wa miwani akatazama viatu vyake vyeupe. Alikuwa ametembea kule navyo. Mwenyekiti akagonga meza.

"Sabiri, kaa chini. Unatuaibisha mbele ya wageni."

"Niache nimalize, Mwenyekiti. Juzi tulipishana pale pale, nawe una kopo lako."

Wakazidi kucheka, na ungesema nimeshinda, lakini hakuna aliyesimama pamoja nami. Mmoja nyuma akaita, "Utalii, kaa." Wengine wakalidaka, Utalii, Utalii. Niliokuwa nikiwachekesha miaka yote sasa walijichekea wenyewe, juu yangu. Loveness kashika kalamu hajui aandike nini. Miguu ilitaka kwenda, nikaishikilia.

Hapo akainuka Bi Zuleha, yule mkunga aliyetupokea sote duniani, anaegemea bakora.

"Ambaye hajapata kwenda kule na kopo anyooshe mkono."

Hakuna mkono uliopanda.

"Basi. Huyu mwanamume kaongopa kwa haya, na kayasema kwa haya. Sisi wanawake tunabana matumbo tangu alfajiri tukingoja jua lizame ndiyo twende. Binti yangu Loveness, na hilo liandike."

Loveness hakucheka. Aliongea kwa upole, na upole wake ukaniuma kuliko Utalii. Alisema angeambiwa tangu Februari asingeshangaa, pwani nzima watu wanasumbuka na mashimo yanayojaa maji, na vyoo vya kuinuliwa juu vipo, na ramani inavitengea mahali pake. Kisha akanionyesha kwenye ule ufunguo wa ramani mstari mmoja uliokuwa hauna rangi bado: eneo la huduma za jamii. Dada, neno lilikuwapo. Siku zote nilizojisifia maneno, lile moja tulilolihitaji lilikuwa limekaa pale linaningoja, na mimi nikatunga la kwangu.

Akauliza kama ndani ya zambarau kuna mwenye kiwanja. Nikasema kuna kiwanja mama yetu alimwachia binti yake, na msingi upo. Hakuuliza zaidi, nami sikusema zaidi. Nilikwenda nyuma ya darasa, vifuu vyetu vya Februari vilikuwa bado vimerundikwa, nikachukua kimoja nikaja kukiweka juu ya ramani ya mezani, mbele ya Bryson. Akapima kwa kidude chake, akachora mstari, akapaka kahawia.

Hakikurudi chote. Sehemu ya mbele yenye minazi imeingia ukanda wa kinga, nazi utaangua lakini hapajengwi. Msingi wako uko nyuma ya mstari, salama, makazi. Upande wa pili wa mikoko ndiko kutakuwa vyoo vya jamii. Zambarau imebaki kipande kule mchangani, pa kutembea wageni tu bila kujenga, na yule bwana wa miwani hakungoja chai.

Sasa jina langu Utalii. Leo alfajiri hata msikitini mtu kanipisha akaniambia pita, Utalii. Kamati nimejitoa kabla hawajanitoa. Nilitaka nikuandikie kwamba sijali. Ninajali. Tausi amekaa hapa karibu nami tangu nilipoanza kuandika, jambo ambalo halifanyi, na kwa mara ya kwanza hasahihishi.

Asubuhi ya leo nimeanza kubeba mawe ya choo chako. Nitakiinua kama ulivyosema. Fundi mmoja kati ya wale wa siku ile nilimwita aje anisaidie, akauliza, bahari yote hii? Nikamwambia shika jiwe.

Sabiri, wa Pemba tu


Amani,
28 Julai 2024

Marahaba mdogo wangu,

Praxeda anakusalimu, na salamu za huku zimekwisha, sina mwingine.

Barua yako niliisoma kimya kimya mpaka Praxeda, aliyekuwa uani, akagonga ukuta kuuliza mbona leo hakuna kicheko. Nilipofika kwenye viatu vyeupe akakisikia.

Nakuja Jumamosi ya tarehe 10 Agosti. Nitashuka Moa na basi la mchana, njoo na bodaboda mbili, moja yangu na moja ya cherehani. Nitakaa kwenu mpaka kuta zisimame, mwambie Tausi asihangaike na kitanda, mkeka unatosha. Watakaoniuliza mume wangu yuko wapi nitawajibu mwenyewe, njiani, papo hapo, kabla hawajaulizana. Nimejifunza kulitamka. Mara ya kwanza lilikuwa gumu, kwa mwenye duka la vitambaa, na duka halikuanguka.

Wakikuita Utalii mbele yangu, itika. Nami wakiniita mtalaka nitaitika. Tutakuwa wawili wa kuitika.

Kile kifuu usikirudishe nyuma ya darasa. Kisugue kwa mchanga, kitoboe, ukitie mpini kiwe kata ya maji, ukitundike juu ya pipa pale mlangoni pa choo. Yale makopo sitaki kuyaona. Nikishuka kwenye pikipiki, kabla ya kusalimia mtu, chooni ndiko nitakakoanzia.

Dada yako,
Saleha